Mguu Pande

Studio za picha za Songea katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa za kuhesabu. Ya mjomba ilikuwa Majengo, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma yenye baraza na dirisha pana lililotazama barabara. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupigia, cha nyuma cha kusafishia. Ruksa ya biashara ya Rais Mwinyi ilikuwa imeshaanza kazi: filamu na karatasi ambazo miaka michache nyuma zilipatikana kwa kujuana tu, sasa zilikuja na mabasi ya Dar es Salaam pamoja na sabuni, khanga na marobota ya mitumba. Mjomba alikuwa na Yashica ya lenzi mbili, ile ya kuinamia na kutazama kwa juu, inayotumia filamu ya picha kumi na mbili. Mimi nilikuwa nasoma sekondari. Siku za mapumziko nilikuwa mshika taa, mfagiaji, mwandishi wa risiti na, mjomba akienda kunywa chai, mwenye studio.

Kazi iliyotulisha ilikuwa picha za pasipoti. Kadi ya chama, kitambulisho cha kazi, fomu ya shule, vyote vilitaka sura. Zilifuatia komunyo za kwanza, na harusi za baada ya mavuno, wakulima wa tumbaku wakishalipwa.

Lile dirisha ndilo lililokuwa maonyesho yetu. Mjomba aliweka humo picha zilizotoka vizuri na, pembeni kidogo, picha za wadaiwa. Bwana harusi aliyelipa nusu akatokomea alijikuta anatabasamu mbele ya mji mzima mpaka amalizie deni, na njia hiyo ilifanya kazi kuliko barua yoyote. Jioni watu wakitoka sokoni walisimama pale wakitambuana na kuchekana nguo. Kwa hiyo siku picha ya mzee mmoja wa Keya ilipowekwa katikati, mahali pa maharusi, mji ulijua kabla ya magharibi.

Keya ndilo jina walilolizoea wenyewe la King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Tanganyika peke yake ilitoa askari wapatao 87,000 katika Vita Kuu ya Pili. Wapo waliojiandikisha, wapo waliochukuliwa bila kuulizwa, na wapo vijana wa Kingoni waliokuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga wakaona bora jeshi, lenye blanketi na nyama ya kopo. Askari wa Keya walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakapelekwa Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1942, na mwaka 1944 wakavushwa bahari hadi Burma, ambayo wazee wetu waliitamka Bama. Batalioni ya 36 ya Tanganyika ilikuwa huko, katika Divisheni ya 11, yenye alama ya kichwa cha kifaru begani.

Nikiwa mtoto niliwaona kila mahali bila kuwaona. Mlinzi wa ghala la chama cha ushirika alikuwa mmoja wao. Fundi baiskeli wa Mfaranyaki alikuwa mwingine. Walijulikana kwa makoti. Songea mwezi wa Julai ina baridi ya kuuma masikio, na asubuhi zile ungeona makoti mazito ya jeshi, yanayofika magotini, yakipita kwenye umande kuelekea sokoni, miaka arobaini baada ya vita.

Mzee wa kwanza alikuja kutaka picha ya pasipoti. Kulikuwa na uvumi kwamba Uingereza inalipa. Uvumi wa namna hiyo ulizuka kila baada ya miaka michache, na kila ulipozuka wazee walitafuta picha, wakatafuta kijana mwenye mwandiko mzuri, wakatuma barua. Mimi niliandika baadhi ya barua hizo na sikuwahi kuona jibu. Mwaka 2019 magazeti yalichapisha habari za nyaraka zinazoonyesha kwamba malipo ya kumaliza vita yalipangwa kwa rangi ya ngozi, hata Mwafrika akaambulia theluthi ya alicholipwa mzungu wa cheo kilekile. Wazee wa Songea walikuwa wakilisema hilo barazani tangu zamani, tena bila nyaraka.

Basi akakaa kwenye kiti, koti limefungwa hadi shingoni, vifungo viwili vya shaba na vingine vya plastiki. Uso aliukaza kama anayesubiri kuchomwa sindano. Mjomba alimsemesha habari za mahindi, za mvua, za wajukuu, uso ukabaki uleule. Mjomba alikuwa amepita JKT. Akasimama wima nyuma ya stendi, akatoa sauti ya kiwanja cha kwata:

"Mguu sawa!"

Mzee alikuwa ameketi, lakini mwili haukujali. Mgongo ulinyooka, kidevu kikapanda, mikono ikabana mapajani, macho yakakaa mbali kabisa, ukutani, juu ya kichwa changu. Nilidhani mjomba atabonyeza hapo. Hakubonyeza. Alisubiri kitambo, mpaka mimi mwenye taa nikaanza kuchoka mkono, kisha akasema taratibu:

"Mguu pande."

Mzee alishusha pumzi. Mabega yalianguka, akacheka kidogo kwa puani, akamtazama mjomba usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kamera ikalia.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo njia yetu kwa wazee wote wa Keya. Nilipomuuliza mjomba kwa nini asipige ile ya mguu sawa, maana ndiyo iliyokuwa ya kijeshi hasa, akasema, "Ile ni ya Mfalme. Hii ndiyo yake." Hakuwatoza. Lakini alikuwa mtu wa vitabu vya hesabu, hakuweza kuacha karatasi itoke bila kuandikwa, kwa hiyo kwenye daftari la madeni alifungua ukurasa wenye jina la mteja mmoja: Mfalme George. Kila mzee aliyepigwa, deni la Mfalme George likapanda.

Picha ikakaa dirishani, na wenzake wakaanza kuja. Walikuja wawiliwawili kutoka Lizaboni, Bombambili, Msamala, wengine kwa lori la tumbaku kutoka Namtumbo. Hawakuja wakisema wanataka historia yao ihifadhiwe. Maneno hayo ni ya watu wa ofisi. Walikuja kwa sababu fulani yupo dirishani nao hawapo, na wao walimjua fulani alipokuwa kuruta hajui hata kufunga patisi. Wivu wa kijeshi ndio uliotujazia dirisha, na sioni ubaya wake.

Si wote waliotaka kuonekana vilevile. Siku hizo mpiga picha mzuri alikuwa na penseli iliyochongwa kwa wembe, ya kufanyia ritachi: unaiweka negativi mbele ya mwanga, unajaza mikunjo ya uso kidogokidogo mpaka bibi harusi anatoka kama kigae. Mjomba alikuwa na msimamo kwamba nyuso za wazee haziguswi. Akaja mzee mmoja, sajini wa zamani, mtu nadhifu wa kofia, akachukua nakala yake akaitazama kwa muda mrefu. "Bwana mpiga picha," akasema, "mbona umenipiga na uzee wangu wote?" Mjomba akaanza kumweleza habari ya ukweli wa picha. Sajini hakuelezeka. Alitaka mikunjo ya chini ya macho iondoke, na iliondoka, nilishika taa mwenyewe. Mpaka leo nikiitazama picha ile naona sajini alikuwa na haki. Sura ni yake.

Nyuma ya kiti kulikuwa na pazia. Kila studio ilikuwa na pazia lake la kuchorwa, na letu lilikuwa la bahari: maji ya bluu kupita kiasi, minazi, na meli kubwa nyeupe yenye dohani mbili ikitoa moshi. Songea iko mbali sana na bahari, na labda ndiyo maana maharusi walilipenda. Mzee mmoja, aliyekuwa mpigaji wa mizinga, aliingia, akatoa kofia, akalitazama pazia, akasimama palepale mlangoni.

"Toa meli hiyo," akasema.

Mjomba alidhani anatania. Mzee akarudia, kwa adabu, lakini hakupiga hatua. Tulikunja pazia, tukabaki na ukuta mtupu uliopakwa chokaa. Alipokwisha kupigwa ndipo alipokaa barazani na kikombe cha chai akatueleza. Februari 1944 walitoka Kilindini, Mombasa, msafara wa meli kadhaa zikielekea Colombo. Katika msafara huo kulikuwa na meli iitwayo Khedive Ismail, na ndani yake kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi wa Kiingereza, mabaharia, watu zaidi ya 1,500. Yeye alikuwa meli nyingine. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga Khedive Ismail, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. "Nilikuwa nimeshika sigara," mzee akasema. "Sigara haikuisha." Walikufa karibu watu 1,300. Na wale walioibukia majini wakashika mbao, wengine waliuawa na mabomu ya manowari ya kwao wenyewe, iliyokuwa ikiwinda nyambizi iliyojificha chini yao. Hilo alilisema akitazama ndani ya kikombe.

Nilikuja kusoma habari za meli hiyo baadaye, vitabuni, na zilikuwa kama alivyozisimulia, isipokuwa vitabuni hakuna sigara. Picha yake ndiyo pekee katika zile zote yenye ukuta mweupe. Watu walipouliza dirishani kwa nini huyu hakuwekewa bahari, mjomba aliwaambia wakamuulize mwenyewe, anakaa Msamala.

Kadiri dirisha lilivyojaa, ndivyo ubishi wa majina ulivyozidi. Mwanzoni mjomba alibandika chini ya picha kikaratasi chenye jina moja tu. Haikutosha. Walitaka jina la baba, walitaka kijiji, na juu ya yote walitaka namba ya jeshi itangulie. Mzee ambaye hakumbuki mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake aliitaja namba yake ya jeshi kwa pumzi moja, tarakimu zote, akakusubiri uandike, kisha akakutaka umsomee. Kazi ya kuandika ilikuwa yangu, kwa wino mweusi na rula. Nilijifunza kutoharakisha.

Sababu ya ubishi huo niliielewa zaidi kupitia medali. Walizileta kwenye vitambaa: nyota ya Afrika, nyota ya Burma, na ile ya duara yenye kichwa cha Mfalme. Mmoja alikuwa amewahi kuipeleka nyota yake kwa sonara, sonara akaipima kwa jicho akamrudishia, akamwambia si dhahabu, si fedha, babu nenda nayo. Tulicheka naye. Kisha akaigeuza nyota akatuonyesha mgongo wake. Ulikuwa laini, hauna kitu. Jeshi la Mwingereza lilizitoa medali za vita ile bila jina la mtu. Aliyekufa na aliyerudi, mpishi na koplo, zote sawa. Ukiiokota njiani huwezi kujua ya nani. "Hii," akasema akiiweka mezani, "hainijui."

Miaka michache baadaye, nilipofika Dar es Salaam kusoma, nilikwenda kuitazama Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora unapokutana na Maktaba. Nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Askari wa shaba, singe mbele, mguu umetangulia kuelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, mahali palepale Wajerumani walipokuwa wamemsimamisha gavana wao Hermann von Wissmann, ambaye Waingereza walimshusha na mwishowe akaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakamwangusha miaka ya 1960. Chini ya askari kuna maandishi, Kiingereza na Kiswahili, ya herufi za Kilatini na za Kiarabu, yaliyotungwa na Rudyard Kipling. Yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nilizunguka sanamu nzima nikitafuta jina. Hakuna hata moja. Na wale wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, ambao kambi yao ndiyo iliyotuachia Kariakoo, wao hata kwenye makaburi ya jeshi hawakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile ya kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuwahi kuandikwa majina kama wenzao, wengine hawakukumbukwa popote. Nilisoma taarifa hiyo nikamkumbuka mzee wa namba ya jeshi, anayesubiri nimsomee.

Nirudi Songea. Afisa utamaduni mmoja, kijana mwenye pikipiki, alikuwa akipita dirishani kila jioni. Siku moja aliingia akasema vitu hivi havikai mtaani, viletwe ukumbini wakati wa Sabasaba. Mjomba akasita, maana dirishani ndiko zilikokuwa na wenyewe. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba wazee waalikwe kabla ya wakubwa. Tulikuza picha kwa ukubwa wa karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, usiku, kwa sababu mchana umeme wa jenereta ulikuwa ukipepesuka na picha ikitoka nusu nyeusi nusu kijivu. Fremu zilitoka karakana ya useremala ya misheni, Peramiho, za mninga, zikinukia vanishi. Fremu hazikutosha. Zilizobaki tulizitundika kwenye kamba ya katani kwa vibanio vya nguo, na nadhani hizo ndizo zilizopendeza.

Mchora mabango wa Majengo alijitolea kuchora kichwa cha kifaru kwenye kila kikaratasi cha maelezo. Alichora vizuri, pembe ikielekea kushoto. Wazee wa Divisheni ya 11 walipofika, nusu yao wakasema kifaru alitazama kulia. Wakavuana makoti kutafuta bega lenye alama. Hakuna aliyekuwa nayo tena. Ubishi ulianza asubuhi ukaisha wageni rasmi walipoingia.

Jambo lililofuata hakuna aliyelipanga. Wazee walibeba viti wakakaa, kila mmoja chini ya picha yake, tangu asubuhi mpaka ukumbi unafungwa. Maelezo niliyoyaandika kwa rula hayakuwa na kazi. Wanafunzi walikuja kwa mistari, wanatazama juu, wanatazama chini, wanalinganisha, wanacheka, kisha wanaamkia. Mvulana mmoja, wa darasa la nne hivi, akauliza lile ambalo sisi wakubwa tulilimeza:

"Babu, uliua wangapi?"

Mwalimu alitaka kumvuta sikio. Mzee akamzuia kwa mkono. "Mbu," akasema, "wengi sana." Akaanza kuwaeleza bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944: matope ya magotini, malori yameshindwa, mizigo kichwani, homa inayolaza watu wengi kuliko risasi. Akaeleza mto Chindwin, na daraja la vyuma lililofungwa juu yake Kalewa, Desemba mwaka huo, vipande kwa vipande, lenye urefu wa zaidi ya mita 300. Akawapanga wanafunzi mstari kutoka jukwaani hadi mlangoni, kisha akawatoa nje hadi kwenye mwembe, waone urefu. Watoto wale walilijua daraja la Kalewa kuliko la Ruvuma.

Siku ya pili akaja bibi mmoja, mke wa fundi baiskeli. Alivaa khanga mpya. Alisimama mbele ya picha ya mumewe, akaitazama, akamgeukia mjomba. "Na mimi nipige."

Mjomba akamwambia atampiga, aje studio kesho.

"Sisemi ya nyumbani. Nasema ya hapa, pembeni yake."

Palizuka mnong'ono. Mzee mmoja akasema hapa ni mahali pa jeshi. Bibi akamjibu bila kupandisha sauti kwamba yeye alilima peke yake miaka minne, alizika mtoto mmoja peke yake, alikwenda bomani kwa miguu kila posho ya mume ilipotakiwa kuchukuliwa, na karani akimwambia haijaja alirudi kwa miguu. Huyu alipotoka Bama alikuta nyumba imesimama. "Nani aliyeisimamisha?" Mumewe, aliyekuwa amekaa chini ya picha, alikuwa akitazama kofia yake. Kisha akasema, "Mpige, bwana. Alichosema ndicho."

Mjomba alimpiga palepale ukumbini, kwa mwanga wa mlangoni, tukasafisha usiku, asubuhi akawa kwenye kamba. Hakumwambia mguu sawa. Bibi alisimama alivyotaka, mikono imekunjwa. Kikaratasi chake kilinisumbua kwa sababu hakuwa na namba, wala kikosi. Nilimuuliza niandike nini. Akataja jina lake, la baba yake, kijiji, halafu: "Andika, alingoja 1942 mpaka 1946. Andika na ekari." Niliandika na ekari.

Katika wiki ileile mwalimu mmoja aliwapeleka wanafunzi kwetu na kisha kwenye makumbusho ya Majimaji, upande wa Mahenge, au alianza kule akaja kwetu, sikumbuki vizuri. Makumbusho yale wakati huo yalikuwa ya wana-Songea wenyewe. Makumbusho ya Taifa yalikuja kuyachukua mwaka 2010. Pale ndipo lilipo kaburi la pamoja la wapiganaji 67 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na pembeni kaburi la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa siku chache baadaye, ambaye mji huu una jina lake na ambaye ukoo wake hadi leo unadai kichwa chake kutoka Ujerumani. Kuna sanamu za wakuu wale zimesimama kwa safu, zina vifua, zina macho makali.

Babu mmoja wa Keya alikuwa mjukuu wa mmoja wa walionyongwa. Alipenda kusema, nusu utani, kwamba sanamu ile si babu yake, babu yake hakuwa na mashavu yale, mashavu ya ukoo wao yako hapa, akijishika usoni. Lakini ni nani angeshuhudia? Waliowaona walikuwa wamekwisha. Majina ya watu wale yalihifadhiwa kwa midomo, kwa matambiko, kwa watoto kurithi jina, mpaka yakafika kwenye saruji. Sura ndizo zilizopotea. Kwa wajukuu wao waliokwenda Burma mambo yaligeuka. Sura zilikuwepo, zinapita sokoni kila siku, na hakuna aliyeandika jina. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale Songea akaomba msamaha. Nilitazama kwenye televisheni. Kamera zilizipita zile sanamu harakaharaka, nami nikawa natafuta mashavu.

Maonyesho yetu yalikwisha Sabasaba ilipokwisha. Fremu za mninga zilikwenda ofisi moja kwa ahadi ya kutundikwa, zikatawanyika. Mbili nimewahi kuziona zikiwa na picha za viongozi ndani yake. Haikuwa hasara kubwa kama nilivyodhani siku hizo, kwa sababu negativi zilibaki kwa mjomba, kwenye kopo la biskuti, kila moja na bahasha yake. Na kazi halisi ya picha zile ilianza baadaye. Mzee akifariki, jamaa walikuja studio usiku wanataka picha kubwa ya kutangulia jeneza. Hawakutaka ya pasipoti. Walitaka ile ya dirishani. Nadhani makaburini ndiko maonyesho yetu yalikoonwa na watu wengi zaidi, na kila mara padre au shehe alisoma kikaratasi changu, namba ikitangulia.

Kuna kundi moja lilitushitaki mapema. Vijana wa vita ya Kagera, waliorudi kutoka Uganda mwaka 1979, walikuwa bado na nguvu, wengine wapo jeshini, wengine madereva wa malori. Walisimama dirishani wakatazama wale wazee, na mmoja, dereva, akamwambia mjomba: "Na sisi mtatupiga tukishazeeka?" Mjomba akacheka, akampa tarehe. Yule hakuja. Alikuwa na safari ya Mtwara.

Mjomba amekwishakufa, kopo la biskuti liko kwangu, baadhi ya negativi zimeota ukungu pembeni na kijana wa jirani ananisaidia kuziingiza kwenye kompyuta. Yule dereva sasa ana mvi kichwa kizima. Mwaka jana nilimpigia simu, nikamwambia tarehe yake imefika. Nilimkuta kwake Bombambili amevaa shati la kitenge, redio imewashwa. Nikajaribu mguu sawa na mguu pande. Akaniambia niache michezo, nimpige akiwa anakula muhogo, vita yake yote aliipigana kwenye usukani na chakula kikiwa mapajani: Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya, Mpigi, mpaka Kampala, amebeba mabomu ya saba saba nyuma.

Nikamuuliza kikaratasi kisome nini. Wazee wa Keya wangeanza na namba ya jeshi. Yeye alianza na namba ya lori.

"Halafu weka jina langu na la utingo wangu," akasema. "Utingo alikuwa raia, wala hakuapishwa. Lakini alikuwemo."

Akanitajia majina matatu ya yule utingo, herufi kwa herufi, na kijiji chake, Wilaya ya Mbinga. Yu hai, akaniambia, anakunywa kahawa tu siku hizi, na simu yake hii hapa.